Ati blues ni muziki ya wazungu?

SWALI: Jambo yaya, miye niko kijana wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, napenda blues mingi sana, kila magaribi naweka kwa simu, sasa bale tunakaa nabo kwa parsele banacheka, eti ni muziki ya bazungu. Ni kweli? Na Mwenda wa Bayeke, ule mpiga gita wa kwetu Katanga, yeye hakupiga blues?

JIBU: Ndugu, waambie waache mchezo. Blues ilizaliwa na weusi wa kusini mwa Marekani, wajukuu wa watumwa, kule Mississippi kwenye mashamba ya pamba, mtu anafanya kazi huku anapaza sauti na wenzake wanaitikia, ndo mzizi huo, na watoto wasio na hela ya gita walikuwa wanapigilia waya mmoja ukutani, wanaukaza kwa chupa, halafu wanatelezesha chupa nyingine juu yake mpaka waya unalia. Sikiliza na maneno: mstari wa kwanza unarudiwa, wa tatu ndo unajibu.

Mwenda sasa, hapana, ile si blues. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na gita yake inachezacheza, haina huzuni ile. Ila gumba linashika besi huku kidole kinaimba juu, hapo anakaribiana sana na Mississippi John Hurt, mpiga blues mweusi wa kule, aliyerekodi 1928. Weka hao wawili mmoja baada ya mwingine, lakini tafuta spika basi, kwa simu besi yote inapotea.