Weka Kalamu Chini Kwanza

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: mwanafunzi akijaza kurasa mbili bila nukta hata moja, na kosa lilelile la tahajia likajirudia mara kumi na mbili, umkate alama mara ngapi? Mara moja. Hilo unalijua tangu enzi zile ukinisomea majina nami najaza alama. Kwa hiyo naona unachouliza hasa ni ufanyeje usianze kuwachukia ukifika karatasi ya arobaini, saa tano usiku.

Kucheka kunasaidia. Aliyeniandikia "kaka yangu alioga mwaka jana na sasa ana mtoto mmoja" alinipa nguvu ya kumaliza rundo zima. Na wale waliopanga foleni "kupiga kula" hawakukosekana mwaka hata mmoja, nami niliwafurahia kila walipokuja. Herufi moja tu, na mtu ameoga badala ya kuoa!

Lakini ni herufi moja hiyohiyo iliyonikwaza. Unakumbuka ule muhula niliokuwa nikikaa mezani kimya, mkadhani naumwa? Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimetoa insha, "Siku Nisiyoisahau", na mvulana mmoja akaandika: "asubuhi ile mama alikuwa akifa ndani mimi niko nje nawasha moto". Nikachomeka u nyekundu: akifua. Nikamsomea mwalimu mwenzangu, tukacheka. Mistari minne chini yake majirani walikuwa wameshajaa uani. Nililiona neno "majilani", nikalipigia mstari, nikaandika r juu yake. Sikujiuliza majirani walifuata nini.

Nilimpa 9 kwa 30. Siku ya kurudisha madaftari alikuja mezani kwangu, akaweka kidole juu ya ile u. "Mwalimu, nilimaanisha akifa." Akarudi kukaa.

Ndiyo maana nakuambia kila siku: weka kalamu chini kwanza. Insha isomwe kabla ya kusahihishwa. Najua utasema madarasa yamejaa, nani ana muda wa kusoma mara mbili? Kweli. Na wasiposahihishwa hawajifunzi, hilo nalo ni kweli. Mtoto asiyejua nukta inakaa wapi atakuja kuandika barua ya kuomba kazi na isimalizwe kusomwa. Siwatetei wazembe. Lakini kalamu ikiwa mkononi jicho linatafuta makosa, na likitafuta makosa halioni kitu kingine. Weka kalamu chini.

Ile 9 niliikata, nikaandika 18. Mpaka leo sijui hizo tisa nilizoongeza zilikuwa za insha au za aibu yangu. Kama zilikuwa za aibu, basi nilimkosea mara ya pili, maana alama ya huruma haimfundishi mtu chochote. Ila nikiirudia ile insha kichwani, naona alikuwa amepanga: moto, majirani, kisha maji yakachemka na hakuna wa kuyatumia. Hilo la maji hakufundishwa na mtu. Labda ilistahili 20. Unaona? Bado naisahihisha.

Usidhani ni mimi peke yangu. Mwaka 1912 watafiti wawili wa Marekani, Starch na Elliott, waliwapelekea walimu wa shule za sekondari nakala za karatasi moja ya mtihani wa Kiingereza. Walimu 142 waliisahihisha. Kuna aliyetoa 64 kwa 100, kuna aliyetoa 98. Karatasi ileile! Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mvulana kabla sijamaliza aya.

Sasa huyu wako wa kurasa mbili. Unataka nikutajie alama, na kusema kweli ninayo, imenikaa ulimini tangu nilipofungua barua. Siitaji. Karatasi iko kwako, na mtoto unamjua wewe. Ila umeninukulia mstari mmoja tu, ule wa "nikatembea usiku kucha mpaka kwa shangazi nikagonga mlango nikagonga tena", ukakatia hapo kunionyesha kwamba hakuna nukta.

Niandikie mstari unaofuata. Nataka kujua kama alifunguliwa.

Mama yako