Eksirei iko safi, mbona mguu unawaka moto?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi napakia mizigo kwenye maboti pale Kibirizi, Kigoma, magunia ya dagaa na madumu ya mawese. Tangu mwezi uliopita kiuno kinauma, maumivu yanashuka kitakoni na ubavuni mwa mguu wa kushoto mpaka dole gumba, lina ganzi, nikikohoa ndo balaa. Eksirei ikatoka safi. Daktari akaninyanyua mguu, akanitembeza kwa visigino, akanigonga na kanyundo, akasema diski, akaandika dawa na nirudi baada ya wiki 6. Shemeji anasema nimepigwa, eti niuze pikipiki niende Mwanza kwenye MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Kweli mtu anajua diski kwa kugongagonga tu?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Pikipiki usiiuze kwanza. Eksirei inaonyesha mifupa, diski ipo katikati ya pingili na si mfupa, haionekani humo, kwa hiyo hiyo "safi" yao haijamaliza kitu. Kugongagonga ndo kipimo chenyewe. Umelala chali, mguu umenyooka, akiunyanyua ukafika kama nyuzi 30 mpaka 70 halafu umeme ukashuka chini ya goti, hapo anashuku neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa na diski, ila ukivuta nyuma ya paja tu inaweza kuwa msuli umekaza. Kutembea kwa visigino kukikushinda, pamoja na hiyo ganzi ya dole gumba, anaelekea neva ya tano ya kiunoni. Ingekuwa unashindwa kusimama kwa vidole, na kanyundo nyuma ya kisigino hakastui mguu, angeifikiria ile ya chini yake, na diski nyingi za kiunoni huharibika hukohuko chini.

MRI ndo inaonyesha diski vizuri, sikatai, lakini watu kibao wasioumwa popote wakipigwa picha hiyo wanakutwa na diski zimevimba, sasa picha isiyoendana na dalili inaweza kukupeleka kwenye kisu bure. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12, ndo maana kakwambia urudi.

Ila ukipata ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au mguu unazidi kulegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hapo MRI haisubiri. Na kama una homa, jasho la usiku au unakonda mwambie daktari, TB ya mgongo huku kwetu ipo. Magunia waachie wenzio kwa sasa, ila usilale kitandani kutwa nzima, tembeatembea.