Eddie nilimlilia kwa haki

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, nikaona nikujibu kwa kalamu, maana kwenye simu ningeshindwa kufika mwisho. Umeniuliza: "Mama, mieleka ile si imepangwa? Sasa Eddie Guerrero ulimlilia nini?" Naona hujasahau siku ile ya 2005 uliporudi shule ukanikuta jikoni nimejifunika kanga, ukadhani tumefiwa.

Kwamba imepangwa nilijua. Marehemu baba yako alinieleza wiki ileile aliyofungua kibanda umiza chetu, cha kuonyeshea video, pale Ngamiani. Mimi nikiuza kachori na juisi ya ukwaju mlangoni, picha ikinoga naacha beseni naingia. Lakini kinachopangwa ni nani ashinde. Mtu akipanda juu ya kamba za ulingo akajirusha kifudifudi, zile mbao za chini zinampokea kweli.

Na Eddie alikuwa mdogo kwa wenzake. Mtu wa El Paso, Texas, wa asili ya Mexico, ukoo mzima wanamieleka kuanzia baba yake, Gory. Mwenyewe alitangaza kwamba anadanganya, anahadaa na kuiba, na watu wakampenda hivyo hivyo. Refa akigeuka, Eddie anaokota kiti, anakipiga chini paa, anamrushia mpinzani akidake, kisha anajibwaga chali, macho kayafumba. Refa akirudi anamwona nani na kiti? Kibanda kizima tunapiga kelele hadi mabati yanatikisika. Na Kurt Angle, kwenye WrestleMania, lile shindano lao kubwa la mwaka, ya 2004! Angle alikuwa akikukamata kifundo cha mguu huponi. Eddie akalegeza kamba za kiatu polepole. Angle alipovuta, akabaki na kiatu mkononi. Kabla hajashangaa vizuri, kashakunjwa chini, refa kahesabu tatu.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Februari, alikuwa amemshinda Brock Lesnar, pande la mtu, akatwaa mkanda wa ubingwa. Hapo ndipo penye jibu lako.

Eddie alikuwa mlevi, mwanangu. Pombe na dawa vilimfikisha pabaya, na 2001 kazi hiyohiyo akafukuzwa. Akaacha, akaanza upya kwenye vijiukumbi, mwaka uliofuata wakamrudisha. Alipoupata mkanda alilia mbele ya watu wote. Mjomba wako alikuwa benchi la mbele siku tulipoonyesha pambano hilo. Unamjua alivyo sasa, hukumjua alivyokuwa. Alikuwa akilala mitaroni. Siku ile alikaa kimya mpaka watu wote wakatoka, akaniuliza, "Dada, huyu naye alikuwa anakunywa?" Nikamwambia ndiyo.

Sisemi Eddie ndiye aliyemwachisha. Aliacha kwa taabu yake mwenyewe na dua za bibi yako. Ila jina lile likawa letu wawili. Nikimwona jioni anaanza kuzungukazunguka uani, nasema tu "Eddie", anarudi kukaa.

Kwa hiyo kijana mmoja alipokuja kusema Eddie amekutwa amefariki hotelini Minneapolis, tarehe 13 Novemba, miaka 38, nilicheka. Nikamjibu, "Huyo anamdanganya refa, ataamka." Wala haikuwa pombe. Ni moyo, mishipa ilikuwa imeharibika tangu zamani. Alikuwa na miaka minne hajagusa kitu.

Niliamini CD ilipofika. Wanaume wale wenye vifua kama milango wamesimama pamoja, maadui na marafiki, kengele inagongwa mara kumi taratibu kumuaga, nao wanafuta machozi kwa viganja. Pale hapakupangwa kitu. Nikatoka, nikaja jikoni, ukanikuta.

Mjomba wako hukumwona. Alikuwa nyuma, bombani. Ndoo ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagikia miguuni, naye ameinama palepale ameshika mpini.

Mama yako