Kabla Hujachora Mistari Miwili ya Watoto wa Maandalizi

Mgeni wa takwimu za elimu hapa Unguja hachelewi kukutana na kazi hii: alinganishe uandikishaji wa skuli za maandalizi (Bara huita elimu ya awali) Tanzania na Kenya, miaka ishirini iliyopita mpaka leo. UNESCO imeshaweka asilimia zote pahala pamoja. Unapakua, unachora mistari miwili, unampelekea mkuu wako aone nani yuko juu. Nakushauri usichore kitu mpaka uijue asili ya asilimia zile, yaani idadi ya watoto iliyowekwa chini ya mstari wa kugawia.

Kiwango cha jumla cha uandikishaji huchukua watoto wote waliomo darasani, hata wa miaka 7, kikawagawa kwa idadi ya watoto wa umri rasmi tu. Ndiyo maana kinaweza kupita 100. Na umri rasmi haufanani. Bara, sera ya 1995 iliweka miaka 5 na 6, kisha sera ya 2014 ikalazimisha mwaka mmoja tu kabla ya darasa la kwanza. Kenya, tangu mtaala mpya wa 2017, ni madarasa mawili ya maandalizi, PP1 na PP2, miaka 4 na 5; takwimu za zamani zina watoto wa miaka 3 pia. Sasa piga hesabu: kijiji kina watoto 100 wa kila umri, na darasani wamo 100. Ukigawa kwa umri wa miaka miwili unapata 50%. Ukigawa kwa mwaka mmoja, 100%. Darasa ni lile lile, na kuna atakayeandika ripoti kwamba sera imefanikiwa.

Kupanda kwengine ni kwa kweli. Januari 2016 Bara iliondoa ada, na watoto wa awali mwaka ule wakapita milioni 1.5. Hapo mstari una haki ya kuruka.

Kunakowatega wengi ni sensa. Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569 mwaka 2012, na kasi ya ongezeko ya 2.8% kwa mwaka. Anayeendelea na kasi hiyo hadi 2022 anapata kama milioni 1.72. Sensa ikaja na 1,889,773. Watu wapatao laki na elfu sabini hawakuwamo kwenye makadirio hayo, na miongoni mwao wamo watoto wadogo. Ukibadilisha asili baada ya sensa, kiwango kinashuka bila mtoto hata mmoja kuacha skuli. Kenya walihesabu 2009 na 2019, kwa hiyo mistari yenu itavunjika miaka tofauti. Uache mstari wazi pale, usiuunge kwa rula.

Mimi ningeachana na "Tanzania" kabisa katika zoezi hili. Elimu ya maandalizi si jambo la Muungano; sera yetu ya 2006 iliweka miaka miwili, 4 na 5, darasa la kwanza likianza na 6. Yaani Zanzibar inashabihiana na Kenya ya sasa kuliko inavyoshabihiana na Bara. Hata skuli zenyewe zina udugu: mpango wa maandalizi ya madrasa ulioanza Mombasa 1986 ulifika huku 1990. Omba takwimu za Unguja na Pemba kwa umri wa mtoto mmoja mmoja, kisha uombe za kaunti za Mombasa na Kwale, maana Kenya maandalizi yako chini ya kaunti tangu 2013. Na uulize mapema kama vituo vya TuTu (Tucheze Tujifunze, vituo vya jamii vya maandalizi) vimo ndani ya idadi uliyopewa au vina jadweli lao.