Kabla hujanunua kisafisha hewa, pima chumba

Mwanangu wa pili ana pumu. Tunakaa Kirumba, Mwanza, upande wa mlimani. Ikifika Julai vumbi la barabara linapanda mpaka kwenye vitanda, na jioni majirani wakiwasha majiko ya mkaa, moshi wote unatukuta sisi wa juu. Usiku nilikuwa nalala nasikiliza kifua chake kinavyolia.

Mashine ya kwanza niliinunua kwa macho. Nyeupe, ina taa ya bluu, muuzaji akasema inatoa ioni. Mwezi ukaisha, kifua kile kile. Nilipoifungua nikakuta kipande cha sponji tu. Niliumia sana, maana ile ilikuwa hela ya ada. Tena baadhi ya mashine za ioni hutoa ozoni, gesi inayochokoza kifua cha mwenye pumu. Usimwekee mtoto.

Unachotafuta ni chujio la HEPA. Lile la kweli hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Boksi likisema "aina ya HEPA", liache dukani.

Halafu chukua futi kamba. Chumba cha wanangu ni mita 4 kwa 3.5, dari mita 2.8, yaani mita za ujazo 39 na ushee. Mimi nilitaka hewa yote ipite kwenye chujio mara 5 kwa saa, kwa hiyo nikatafuta mashine ya karibu mita za ujazo 200 kwa saa. Namba hiyo, yaani kiasi cha hewa safi mashine inachotoa, inaandikwa CADR. Muuzaji asipoijua, nenda duka lingine. Ukiweka mashine ndogo sebuleni ukitegemea isafishe nyumba nzima, unachoma umeme bure.

Umeme wenyewe hautishi: yangu ni wati 40, saa 10 za usiku ni uniti 0.4 ya LUKU. Ila ifunge kwenye kile kifaa cha kulindia friji, umeme usije ukaiunguza ukikatika na kurudi.

Nakuomba sana, jiko la mkaa litoke ndani kwanza. HEPA haishiki kaboni monoksaidi, na gesi hiyo inaua bila harufu. Sisi tulihamishia jiko uani, tukanunua mtungi wa gesi wa kilo 6, na hilo peke yake lilimpunguzia mtoto kikohozi kabla hata ya mashine ya pili kufika.

Baada ya miezi mitatu nilitoa chujio. Lilikuwa jeupe, sasa lina rangi ya majivu, katikati ya mikunjo kuna nyuzi za blanketi na unga mweusi unaoshika vidole kama masizi ya sufuria. Vyote hivyo vilikuwa vinaingia puani mwa mtoto. Kwa hiyo dukani uliza pia chujio la akiba linapatikana wapi. La kwangu linatoka Dar kwa basi, na siku hizi naagiza Mei, vumbi halijaanza.