Gobore la marehemu babu: "TOWER 1862" si jibu kamili

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama taji na "TOWER 1862" kwenye bamba la mtambo (kifaa cha kufyatulia) vinatosha kujua umri wa gobore mlilolikuta darini. Havitoshi. Mwaka huo ni wa mtambo tu. Mtutu na gogo (sehemu ya mbao) huenda vilitoka kwenye bunduki nyingine.

Kwanza usalama, maana baruti ya zamani ikiwa kavu bado huwaka. Ingiza ufito wa mti (si mdeki wa chuma) polepole hadi ukwame, uso na mikono mbali na mdomo. Weka alama, kisha ulaze ufito nje ya mtutu. Ukiishia vidole kadhaa kabla ya usawa wa chuchu ya fataki (kijibomba kinachovishwa fataki nyuma ya mtutu), hesabu kuwa bunduki imeshindiliwa. Usijaribu kuitoa baruti, waite polisi waje, usiibebe bunduki wewe.

Ikiwa tupu, pima. Enfield ya 1853, bunduki ya Kiingereza ya askari wa miguu, ina pete 3 za kushikilia mtutu, mtutu wa sentimita 99, tundu la milimita 14.7 na mifuo (mifereji ya kuzungusha risasi) 3 ndani. Tundu likiwa laini na pana zaidi, fikiria ile ya 1858 ya askari wa Kihindi, au mtutu uliochongwa baadaye. Kushoto, karibu na chuchu, tafuta chapa za ukaguzi: fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji huenda ni za Birmingham, mji wa Uingereza.

Tafadhali usipige msasa! Chapa zikifutika hazirudi. Mafuta mepesi na kitambaa yatosha. Na umiliki wake ulizeni polisi mapema, hata kama ni urithi.