Kula vizuri Bondeni bila kumaliza mfuko

Mgeni akishuka kwenye steji ya Nakuru huuliza swali lilelile: hoteli nzuri iko wapi? Swali hilo halina jibu moja hapa. Reli ilifika mwaka 1900, na tangu hapo watu wamekuja kulima, kufungua maduka na kufanya kazi viwandani, kila kundi na sufuria lake. Mkikuyu atakuelekeza kwenye githeri, Mluo kwenye samaki, Mkalenjin kwenye maziwa ya mursik, Mnubi kwenye pilau, na hakuna atakayekuwa amekudanganya. Mimi hutaja chakula, tuseme sagaa, ile mboga chungu ya majani, na kuuliza hivi: "Sagaa nzuri inapikwa wapi, na inakuwa tayari saa ngapi?" Ukimtajia mtu chakula, anamkumbuka mpishi. Ukimtajia hoteli, anakumbuka viti.

Ninazungumzia hasa mtaa wa Bondeni hapa Nakuru na mitaa inayopakana nao, mahali ambapo shilingi 150 hadi 350 bado zinanishibisha mchana. Samaki mzima atapita hapo kidogo.

Wa kumwuliza ni nani? Mwenye bodaboda ambaye tayari amewasha pikipiki mwache, maana atakupeleka anakopata safari ndefu. Muulize fundi wa gari. Mafundi hula palepale kila siku kwa pesa yao wenyewe, wengine kwa deni, na mama anayewaandika kwenye daftari la deni anajua kesho watarudi. Bora zaidi ni mama anayeuza mboga sokoni. Yeye ndiye anayeona asubuhi nani amenunua managu mabichi na nani amebeba yaliyolala.

Halafu uangalie saa. Vibanda vingi huwasha jiko alfajiri kwa chai na mandazi, kisha sufuria za mchana zinapanda. Fika saa sita na nusu, utapewa chakula kilichotoka jikoni sasa hivi. Ukichelewa hadi saa nane na nusu, utapata mchuzi uliorudishwa motoni mara kadhaa na weita anayekusukumia kilichobaki. Ubao wenye vyakula arobaini ukutani usikushughulishe. Uliza, "Mama, leo umepika nini?" Akitaja vitu vinne au vitano bila kusita, vuta kiti. Akisema kila kitu kipo, kunywa chai uende zako.

Samaki wanahitaji maneno zaidi. Watu wa mbali hudhani mji ulio kando ya ziwa unakula samaki wa ziwa hilo. Ziwa Nakuru limo ndani ya hifadhi ya taifa, kuvua humo ni kosa, na maafisa wamewahi kuonya kwamba samaki wake wana madini yenye sumu. Kwa hivyo usione haya kuuliza samaki ametoka wapi. Unataka kusikia Victoria, Naivasha au Baringo, na unataka ajibu mtu anayejua, si anayebahatisha. Hoteli nyingi humkaanga samaki mapema, kisha zinamrudisha kwenye sufuria na nyanya, kitunguu na dhania mteja akiagiza. Hapo jicho na matamvua hayakusaidii tena, kwa hiyo mtazame nyama. Aliyekaangwa akiwa mbichi huachia mfupa kwa vipande vikubwa vyenye unyevu. Aliyekaa sana anabomoka, na harufu yake inakufikia kabla ya sahani. Chagua mwenyewe, uliza bei kabla hajaingia kwenye mchuzi kwa sababu kila mmoja ana bei yake kulingana na ukubwa, na uulize pia kama ugali umo kwenye hiyo bei. Nyanya zikikatwa baada ya wewe kuagiza, subiri kwa furaha. Zikiwa tayari zimeiva kwenye karai tangu asubuhi, mimi huomba samaki wa kukaanga bila mchuzi, na kachumbari.

Kuhusu sagaa sitaamua ugomvi. Waluo, Wakisii na Wakalenjin wote wanaipika, wote wanaijua dawa ya uchungu wake, ambayo ni maziwa au malai na subira ya kuilaza usiku, na kila mmoja atakuapia kwamba ya kwao ndiyo yenyewe. Mimi naipenda kwa Wakisii, pamoja na ugali wa wimbi ule mweusi mzito, na ninajua rafiki zangu Wakalenjin wa Kericho watanitumia ujumbe wakisoma hapa. Mursik lakini nawaachia wao. Tafuta hoteli wanayokaa wazee wa Kikalenjin mchana. Maziwa yake hugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwo, ndiyo maana huwa na rangi ya kijivu kidogo na harufu ya moshi. Yakija meupe pe, umeuziwa mala, maziwa ya kawaida yaliyoganda, kwa bei ya mursik.

Nyama choma hupimwa ikiwa mbichi, na ikichomwa inapungua. Simama kwenye mizani mwenyewe, onyesha upande unaoutaka, na msile wawili robo kilo mkitegemea kushiba. Choma nzuri haiko tayari kwa dakika kumi. Ikiletwa haraka hivyo, ilikuwa ya mtu mwingine.

Chipsi sina mengi. Viazi vya Molo na Mau Narok ni vizuri, balaa ni mafuta. Ukiona yamekuwa meusi, pita.

Kwa upande wa usafi, anayeshika chakula hupaswa kupimwa afya kila baada ya miezi sita, na hoteli makini hubandika vyeti ukutani. Soma tarehe, watu wengi hawasomi. Hata hivyo cheti hakioshi sahani. Mimi huenda kwanza kunawa mikono: kama kuna maji ya moto kwenye mtungi wenye bomba na sabuni haijachanganywa hadi imekuwa maji matupu, jikoni nako kuna mtu anayejali. Kibanda cha mabati chenye maji ya moto nakiamini kuliko hoteli ya vigae isiyo na sabuni.

Pilau ina siku yake. Ijumaa, swala ya adhuhuri ikiisha, foleni hujaa, kwa hiyo nenda mapema au ufungiwe ukale kazini. Ramadhani hoteli nyingi za Waislamu hufungwa mchana, lakini jioni meza hutolewa barabarani: sambusa, kaimati, viazi karai, bajia, uji. Yeyote anakaribishwa kununua. Nenda kama saa kumi na moja, kwa sababu adhana ikikaribia wanaofunga ndio wenye haki ya kuhudumiwa kwanza, na ubebe kopo lako mwenyewe la uji, maana karatasi za nailoni zilipigwa marufuku tangu 2017 na vikombe vya muuzaji huisha mapema.